Baraza la Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Baraza lilikutana kila siku baada ya chakula cha mchana, nyuma ya chumba cha kufulia. Lilikuwa na wajumbe watano, ajenda moja na sigara moja. Kanuni zake zilikuwa takatifu: mjumbe avute mara mbili, apitishe kulia, na asithubutu kukohoa.

Tarumbeta, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, alikohoa siku ya kwanza mpaka machozi yakamtoka.

"Mleteeni uji mtoto wa watu!" alisema Kiranja, mwenyekiti wa kudumu.

Aibu ile ilimkaa kooni. Bweni zima linavuta, alijiambia, mshamba ni mimi tu. Basi akajifungia chooni na pakiti yake, akajifunza kumeza moshi kwa bidii ambayo mwalimu wa hesabu hakuwahi kuiona. Muhula wa pili alishafuzu. Muhula wa tatu alikuwa akivuta kabla ya kengele ya asubuhi.

Ndipo mwalimu wa bendi alipompima: ashikilie noti moja mpaka hesabu ya nane. Pumzi ikamkatikia kwenye tano.

"Unarudia kesho, mwanangu. Ukishindwa, tarumbeta nampa mwenzako."

Mchana ule alisimama mbele ya baraza. Kuacha peke yake alishajaribu mara tatu, akashindwa zote.

"Jamani, tuache. Wote kwa pamoja."

Kiranja akaangua kicheko.

"Tuache nini? Mimi moshi naujaza mdomoni tu, naupuliza. Sijameza hata siku moja!"

"Eti nini?" mjumbe Bonge akadakia. "Hata mimi! Nilikuwa nawaogopa nyinyi!"

"Na mimi!"

"Na mimi, haki ya Mungu!"

Mwaka mzima, wanaume wazima, wakiogopana! Walicheka mpaka wakashika ukuta. Baraza likavunjwa rasmi, sigara ikasagwa kwa kiatu.

"Na wewe, Tarumbeta?"

Wanne wakamtazama. Akacheka kuwashinda wote.

"Mimi nimeze moshi? Mna wazimu?"

Wakaondoka wameshikana mabega, wepesi kama watu waliotua mizigo. Yeye akasema watangulie, anafunga kamba za viatu.

Kamba zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi. Alipiga magoti kwenye maji ya sabuni, akaanza kuokota tumbaku iliyosagwa, chembe moja moja, akiikausha kwenye shati.