Mafunzo Yaliyoandikwa Ghalani

Recheli Mihayo alikuwa mtu wa malori na maturubai. Kwa miaka kumi na miwili katika shirika moja la misaada mjini Tabora alikuwa amegawa mablanketi, ndoo na mbegu kuanzia Sikonge kwao hadi Igunga, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: kazi aliyoishika ilikwisha siku ile ile. Kwa hiyo Ambrosi, mkuu wa ofisi, alipomwita asubuhi moja ya mwezi wa nane, alijua anatumwa safari. Badala yake akasukumiwa kitabu kinene mezani.

"Makao makuu wanataka kila ofisi iwafundishe wafanyakazi wake uongozi wa kifeministi," alisema Ambrosi, akilitamka neno lile kwa tahadhari kama mtu anayekanyaga utelezi. "Wote. Madereva, watu wa ghala, wauguzi, walinzi. Nimekuteua wewe uyaandae mafunzo hayo."

"Kwa nini mimi, bosi?"

"Si wewe ndiye mwanamke mwenye cheo hapa?"

Hakusema kwa ubaya. Ambrosi alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, wa kwanza kufika msibani. Ila katika kikao chochote yeye ndiye aliyeanza kusema na yeye ndiye aliyemaliza, na katikati hapo wengine waliitikia kwa vichwa.

Kitabu kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiswahili kisichozungumzwa popote kati ya Tura na Kigoma. Recheli alisoma mara tatu sentensi moja yenye "miundo kandamizi" na "makutano ya vitambulisho", akakifunga. Keshoye alipokifungua tena alikuta ukurasa wa maswali. Nani anaamua? Nani anasikilizwa? Nani hayupo hapa, na kwa nini? Hayo yalimwingia. Alikumbuka mizinga ya nyuki kijijini kwao Ipole, ambayo mama yake aliitunza miaka yote na kijiji kizima kikaiita mizinga ya mzee Mihayo. Basi, akasema moyoni, hili naliweza.

Akajifungia wiki tatu. Aliandika, akachora, akapanga picha za kuonyesha ukutani kwa mashine, themanini na sita kwa jumla. Hakumshirikisha mtu. Aliona ni kuwasumbua wenzake bure.

Siku ya majaribio walikutana ukumbini Kwihara, nje kidogo ya mji, kule misafara ya zamani ilikokuwa ikitua mizigo. Ambrosi alifungua kwa hotuba ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kuwasikiliza wanawake. Recheli akafuata na picha zake. Kufika saa sita madereva walikuwa wameinamia simu zao, na mkubwa wao, mzee Ezekia, alikuwa amelala kofia usoni. Mtu mmoja aliuliza kama sasa wanaume ndio watakaochemsha chai ya ofisi. Ukumbi ukaangua kicheko, na Recheli akaharakisha kwenye picha iliyofuata, maana jibu halikuwemo katika yoyote. Mwisho akaomba maoni. Akamtazama Mwanahawa, mtunza ghala, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye hakuwahi kuonekana akichelewa wala kusikika akibisha.

"Tumejifunza," alisema Mwanahawa, akajitengeneza mtandio wake.

Recheli alilifahamu neno lile. Yeye mwenyewe alilitumia kila alipotaka kikao kiishe aende zake nyumbani.

Kesho yake alikwenda ghalani. Mwanahawa alikuwa akipanga maturubai kwenye rafu.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Nataka uniambie ukweli wa jana."

"Ukweli gani tena? Chai ilikuwa nzuri."

"Bi Mwanahawa, tafadhali."

Mwanahawa aliliweka chini turubai alilokuwa amelishika. "Haya. Tangu asubuhi mpaka jioni walioongea ni wawili, wewe na bosi. Umetwambia madaraka yagawanywe. Wewe umegawa nini? Hata wale wanawake waliotupikia uliwaacha jikoni." Akatazama mlangoni kama kuna anayesikia. "Unayakumbuka mafuriko ya Igunga, mwaka juzi?"

Angeyasahau vipi? Yeye ndiye aliyeongoza ugawaji. Kaya mia nne kwa siku moja, na barua ya pongezi akaandikiwa.

"Tuliandikisha kwa jina la mkuu wa kaya," Mwanahawa aliendelea. "Mimi nilikuwa juu ya lori, naona mpaka mbali. Nyuma ya mstari kulikuwa na wanawake wamesimama tu. Wake wa pili. Wajane wanaokaa kwa mashemeji. Majina yao hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Mstari ulipokwisha wakaondoka mikono mitupu, mvua inawanyeshea. Nawakumbuka kwa sura mpaka leo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia? Ulikuwa unatazama saa, unatuhimiza. Na mimi ni mtunza ghala. Tangu niajiriwe nimeulizwa vitu viko vingapi. Sijawahi kuulizwa viende kwa nani."

Recheli alikaa juu ya robota la mablanketi. Alitaka kujitetea. Fomu zilitoka juu, barabara ilikuwa inakatika, mvua ilikuwa haina huruma. Maneno yote yalikuwa mdomoni, kila moja la kweli, na hakuna hata moja ambalo lingewasetiri wale wanawake na mvua.

"Nisaidie kuyaandika upya," alisema mwishowe.

"Mimi? Nimeishia darasa la saba."

"Mimi nimeishia chuo kikuu, na umeona nilichokiandika."

Mwanahawa alicheka mpaka akashika rafu.

Kwa mwezi mzima, kila Jumanne na Alhamisi mchana, walikutana pale ghalani. Mwanahawa alimleta mpishi wa ofisi na mlinzi mmoja wa kike. Recheli alimwomba Ezekia, kwa sababu madereva wote walimfuata yeye. Ezekia alikuja shingo upande.

"Habari hizi za akina mama, mimi zinanihusu nini?"

"Ndiyo maana umeitwa," Mwanahawa alimjibu. "Kaa hapo utueleze zisivyokuhusu."

Waliyachukua yale maswali matatu wakayaweka juu ya vitu wanavyovijua: gari, ghala, foleni, kikao. Nani anakaa mbele kwenye gari? Nani anashika orodha? Nani anaondoka kabla kikao hakijaisha kwa sababu nyumbani kuna watoto, na uamuzi unapitishwa akiwa njiani? Jina la mafunzo waliligombania siku mbili. Ezekia alitaka neno ufeministi liondolewe, litawatisha watu. Mwanahawa akasema wakiliondoa neno, kazi yenyewe nayo itaondolewa kimya kimya. Wakaliacha, na chini yake wakaandika kwa herufi kubwa: Anayeumia zaidi aulizwe kwanza. Picha themanini na sita zikafutwa zote, na Recheli alishangaa kuona hazimuumi.

Kisha wakabuni zoezi waliloliita "Nilikuwepo, Nikanyamaza". Kila mtu angesimulia mara moja alipoona jambo baya kazini asiseme kitu. Mwanahawa alilijaribu kwa kusimulia habari za Igunga. Zamu ilipofika kwa Ezekia, alisimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Vikao viwili vilivyofuata hakuonekana. Recheli akajua wamempoteza.

Mwezi wa kumi walirudi Kwihara kwa siku tatu. Safari hii viti vilipangwa duara, wapishi wakakaa ndani pamoja na wengine, na chai ikachemshwa kwa zamu, zamu ya kwanza ikiwa ya madereva wawili waliomwaga nusu ya maziwa. Ambrosi aliombwa asifungue mkutano. Aseme wa mwisho. Alikubali mara moja, lakini kutii kukamshinda. Kabla ya saa nne alikuwa amekwisha kuinuka mara tatu, na ile ya tatu akajiziba mdomo kwa kiganja, akaketi. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Ezekia alikuja. Alikaa karibu na mlango.

Recheli ndiye aliyeanza zoezi. Alisimulia Igunga yote, mstari, saa, barua ya pongezi, na wale wanawake ambao yeye hakuwaona kwa sababu hakutazama. Hakuongeza fomu wala mvua. Akaketi. Ndipo Ezekia akasimama, kofia mkononi.

"Miaka tisa iliyopita nilikuwa naendesha kwenye shirika jingine," alisema. "Kulikuwa na binti mmoja, Advera, afisa lishe, mtoto wa watu wa Tura. Bosi wetu alikuwa anakaa naye kiti cha nyuma. Nilikuwa nasikia. Binti anamwambia aache. Anamwomba. Mimi nikapandisha sauti ya redio."

Aliizungusha kofia vidoleni. "Siyo mara moja. Kila safari. Nilijiambia mimi ni dereva, ya nyuma hayanihusu. Mwisho binti akaacha kazi. Na mimi nina mabinti watatu nyumbani."

Dereva mmoja kijana ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Sasa mzee, ungefanya nini na yeye ndiye bosi?"

"Ningesimamisha gari. Ningesema injini inachemka. Ningemwambia binti aje akae mbele. Ningemsindikiza kwenda kushtaki, nikawa shahidi wake. Mambo ya kufanya yalikuwepo mengi, kijana wangu. Mimi nikachagua redio."

Kuanzia hapo mafunzo yalikwenda yenyewe, na kazi ya Recheli ikawa kugawa kalamu. Madereva walijitenga mchana kutwa wakaandika ukurasa mmoja wa kubandikwa katika kila gari: mwanamke achague kiti chake, safari isiondoke bila namba ya mtu wa kupigiwa, na dereva anayesikia ni shahidi. Wauguzi waliandika wa kwao. Wapishi, ambao hakuna aliyewatarajia, waliandika mrefu kuliko wote.

Siku ya tatu jioni zamu ya Ambrosi ikafika. Alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nilikuwa na hotuba," alisema. "Naona haifai tena. Nina swali tu. Mimi mmeninyamazia nini?"

Walitazamana. Kisha Mwanahawa akanyoosha mkono, na baada yake mwingine, na mwingine. Ilichukua saa nzima. Ambrosi aliandika kila kitu, na hakumkatiza mtu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mvua zikazidi Igunga, na kaya nyingi zikahamia tena kwenye viwanja vya shule. Safari hii Mwanahawa alitangulia siku moja kabla ya lori. Alikaa darasani na wanawake waliokimbia maji, juu ya mikeka, akawauliza vitu viende kwa nani. Wakamwambia. Kila mwanamke mtu mzima aandikwe kwa jina lake, ugawaji uanze asubuhi wapate kujenga vibanda mapema, na mwenye mtoto mgongoni asisimame kwenye mstari. Ikafanyika hivyo, na kazi ikachukua siku mbili.

Siku ya pili simu ikaita kutoka makao makuu. Ambrosi, aliyekuwa amekuja na lori, alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Subiri, anayejua yuko hapa," akampa Mwanahawa.

Mwanahawa alishika simu kwa mikono miwili. "Ndiyo, siku mbili," alisema. "Hapana, hatukuchelewa. Mara ile ya kwanza ndiyo tulikuwa na haraka." Akaeleza majina yaliyoongezeka, mia moja na kumi na saba, na kwa nini. Upande wa pili uliuliza maswali mengi. Aliyajibu moja moja, bila papara.

Recheli alikuwa amesimama kando na orodha yake, akitabasamu peke yake. Ofisi za Kigoma na Katavi zilikuwa zimeandika kuomba mafunzo, na barua ya majibu, aliyokuwa ameianza jana yake, ilikuwa na majina matatu ya wakufunzi: lake, la Mwanahawa na la Ezekia. Alikuwa bado anaifikiria pale mama mmoja, aliyekuwa akihangaika kusimamisha turubai lake upepo unaliondoa, alipomwita.

"Wewe mama wa karatasi, njoo ushike hapa!"

Recheli aliziweka karatasi chini ya jiwe, akaenda, akaishika kamba ya turubai.

"Vuta," alisema yule mama. "Zaidi. Hapo hapo, usiachie mpaka nikwambie."

Naye akavuta, miguu imezama kwenye tope, akasubiri kuambiwa.