Sketi ya Kwendea Njombe

Omary, muuza mitumba, alikata kamba za robota, akakung'uta nguo moja moja, na katikati ya makoti ya baridi akatoa sketi nzito ya marinda, ya kijani iliyofifia, yenye mkanda wa ngozi na mifuko pembeni. Wanawake wa sokoni Makambako waliishika, wakaipima kwa macho, wakairudisha. Lameki ndiye aliyeiokota akasimama nayo.

"Hiyo ya kiume, mzee wangu," Omary alisema. "Inaitwa kilti. Kuna wazungu wanapandia milima, wanatembea nayo siku kadhaa. Upepo unapita, mapaja hayasuguani, na ukivuka mto huna haja ya kukunja kitu."

Mapaja ndiyo yaliyomleta Lameki sokoni. Mwaka uliopita, katika hija ya miguu ya wanaume wa parokia kutoka Makambako hadi Njombe, suruali ilimbabua hata akashindwa kuendelea pale Mtwango, akamalizia safari juu ya lori la viazi. Hapo nadhiri ikaharibika. Alikuwa amemwahidi Mungu kwamba atatembea mpaka mwisho ili shingo ya mkewe, Letisia, ipone. Sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na daktari alisema mama huyu akiendelea kujitwika mizigo, mkono wote utalala na hautaamka. Lameki aliumia sana kusikia hivyo, maana alimpenda mkewe. Walipotoka hospitali walipitia shambani, Letisia akajitwika debe la viazi, wakarudi nyumbani wakilizungumza jambo hilo njia nzima.

Siku ya hija, Dionis, mwenyekiti wa wanaume, aliitazama ile kilti kwa muda.

"Inafunika magoti?"

"Inafunika."

"Haya, panga mstari."

Na kwa kweli ilikuwa nguo ya safari. Umande ulilowesha suruali za wenzake mpaka magotini, yeye akapita kwenye majani akiwa mkavu, miguu myepesi, anaimba sauti ya pili. Jua lilipochomoza vizuri alihisi kichwa kinamlemea. Akapeleka mkono juu, akagusa ndoo. Ilikuwa ndoo yao ya bluu, ile iliyoyeyuka ukingo kwa kuwekwa karibu na jiko, imejaa maji pomoni, na jani la mgomba juu yake ili yasimwagike. Dionis, aliyekuwa ubavuni mwake, alisogea pembeni kidogo kulinda viatu vyake. Rozari ikaendelea.

Njiani walikutana na mama mmoja anayetoka kwenye bustani yake ya bondeni na kapu la mboga kichwani.

"Kamwene," alimsalimu Lameki peke yake. "Mbona unabeba bila ngata?"

Akachana kipande cha kanga kuukuu, akakizungusha kikawa duara, akakiingiza chini ya ndoo kwa mkono mmoja bila kushusha kapu lake. Akamwambia asitazame chini, kisha akaenda zake.

Ndoo iliondoka. Ukaja mzigo wa kuni. Kuni nazo zikaondoka, likaja gunia la mahindi la kupeleka mashineni. Walipopumzika, wenzake walijadili kama ilikuwa toba au majaribu. Yohanes, katekista, alisema hajawahi kufundishwa juu ya gunia. Hakuna aliyeuliza kama lilikuwa zito. Lameki mwenyewe alichanganyikiwa, kwa sababu kuni alizitambua, hata fundo la kamba alilitambua, ila hakuweza kusema vilikuwa vinamtafutia nini.

Mchana alihisi joto mgongoni. Alikuwa Tabea, mjukuu wao, amefungwa kwa kitenge, amelala. Mara simu ikaita mfukoni mwa kilti.

"Baba Denis, Tabea yuko kwako?" Letisia aliuliza.

"Yuko."

"Ameamka?"

"Bado. Ila amenilowesha."

"Mgeuze upande wa kulia, ndivyo anavyopenda. Mimi leo sijielewi. Nimeteka maji, nikainama nijitwike, ndoo haipo. Nafika nyumbani, pipa limejaa. Kuni zimepangwa. Nimelala mchana, Baba Denis. Mimi, mchana."

"Shingo je?"

"Sijaisikia tangu asubuhi. Na vidole nimeviona vinashika sindano."

Lameki alisimama katikati ya barabara, machozi yakamtoka. Aliwatangazia wenzake kwamba nadhiri imeanza kupokelewa hata kabla ya kufika, nao wakapiga makofi. Dionis alisema hiyo ndiyo nguvu ya wanaume wakisali pamoja.

Waliingia Njombe kesho yake katika ukungu, Lameki akiwa na kuni nyingine kichwani na shingo iliyokataa kugeuka kushoto. Maumivu hayo aliyatoa sadaka. Mlangoni mwa kanisa Yohanes alimwambia kwa upole kwamba hawezi kuingia kwenye misa na kuni. Lameki akaenda nyuma ya jengo, akafungua mkanda, akavaa suruali. Kuni zikaondoka. Alipiga magoti, akakamilisha nadhiri yake neno kwa neno, akarudi kwa basi.

Nyumbani alimkuta Letisia amejikanda shingo kwa kitambaa cha moto.

"Imeanza lini?"

"Leo, saa za misa."

Lameki hakuelewa. Saa za misa ndipo alipoomba kwa nguvu zote. Alikwenda kwa Dionis, naye akamuuliza kama hakuwa na mashaka moyoni. Lameki alitafuta, akapata mashaka kidogo, maana kila mtu anayo. Wakakubaliana atembee tena mwakani.

Letisia aliifua ile kilti, akaianika, na ilipokauka akaileta mezani imekunjwa.

"Ivae leo, Baba Denis."

"Niende wapi?"

"Kisimani."

"Kisimani si hija."

"Sijasema ni hija. Vaa tu, ukae hata hapo hapo kwenye kiti. Mimi nitaenda."

Lameki aliitazama ile nguo. Kuna jambo lilimpita kichwani, akalisikia kabisa likipita, lakini hakuliwahi. Alisema nguo ya nadhiri haichezewi, akaifungia sandukuni pamoja na suti yake ya harusi.

Letisia alichukua ndoo kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto siku hiyo haukushika, akasokota ngata.

"Pole, Mama Denis," Lameki alisema, na akainuka kumfungulia mlango.