Kituo cha Ng'ambo ya Mto

Maofisa walipoketi Songea kupanga ulinzi wa uchaguzi, Ludovika Komba alikuwa ameshaamua. Yeye ndiye aliyepanga vituo vya kupigia kura vya kata ambamo wakulima wa vijiji viwili, cha kwao na Liyangala ng'ambo ya mto, walikuwa wakikatana mapanga kwa kugombea bonde. Kaka yake, Sipriani, aliuawa huko, na katika watu wa Liyangala waliomuua hakufungwa hata mmoja.

"Liyangala pasiwe na kituo," alisema. "Hakuna usalama. Wavuke mto, wapigie kura kwetu."

Afande Thadei, mkuu wa askari watakaokwenda kule, alimtazama. "Dada, wazee watatembea tangu alfajiri. Tena katikati ya mahasimu wao."

"Watembee."

Afande alijua habari za Sipriani. Akapanga askari wa kuwalinda njiani.

Siku ya kura Ludovika alisimama mlangoni mwa kituo akitumaini watu wa Liyangala watakata tamaa. Walikuja wote. Mbele alikuwa Leonce, yule aliyetajwa na mashahidi kuwa ndiye aliyemkata Sipriani, amembeba mama yake mgongoni, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama," Ludovika alimwamkia bibi kizee.

"Marahaba, mwanangu. Aliyetuweka mbali hivi, Mungu anamwona."

"Ni mimi," alijibu, macho yake kwa Leonce. "Dada yake Sipriani."

Leonce aliinamisha kichwa. Ludovika alisikia raha aliyoingoja tangu msiba. Akampa bibi kizee kiti na kumwingiza kwanza. Kisha akamrudisha Leonce nyuma kabisa ya foleni, juani.