Dainamo ya Baba Noela

Nyundo ilipotua mara ya tatu, kitu kililia ndani ya dainamo, mlio mwembamba kama wa kikombe kinachopata ufa, na Sufiani akajua papo hapo kwamba ameharibu.

Puli, lile gurudumu dogo la mkanda, ilikuwa imegoma kutoka. Kila fundi umeme wa magari anajua kuwa puli ya dainamo haigongwi, inavutwa taratibu kwa kifaa chake. Sufiani alikuwa nacho hicho kifaa. Kilikuwa ndani, nyuma ya betri mbovu, akaona uvivu kwenda kukitafuta. Sasa alipofungua akakuta mhimili umepinda, na kile kichwa cha shaba kinachosuguliwa na kaboni kimepasuka. Amecha, ule mhimili wenye waya unaozunguka ndani na ambao ndio moyo wa dainamo, ilikuwa imekufa mikononi mwake.

Gari lilikuwa Landrova la mwaka hamsini na nane, mali ya Mzee Ngassa wa Samuye. Baba yake alilinunua enzi za pamba, na Ngassa alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba binti yake Noela atakwenda kanisani kufunga ndoa ndani ya gari la babu yake, si jingine. Zilibaki wiki tano. Ubovu ulikuwa mdogo tu: taa nyekundu haizimiki, betri haipati chaji.

"Vipi, fundi?" Ngassa aliuliza, akiinuka kwenye benchi pale gereji ya Kambarage. Wateja wengine wawili nao waligeuza shingo.

Angeweza kusema hapo hapo. Maneno yalifika kooni. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Baba Noela, nani aliishika hii mara ya mwisho?"

"Mzee Abdulwahab. Mwaka juzi, kabla hajahamia Katoro kwa binti yake."

Sufiani akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. "Basi ndiye aliyekuharibia. Ona, alilazimisha ikapinda. Umri nao, macho hayaoni tena."

Mzee Abdulwahab ndiye aliyemfundisha kazi. Alimpokea akiwa hajui waya upi wa moto na upi wa bodi, na Sufiani akala mezani kwake miaka minne. Sufiani alijisikia joto masikioni, lakini neno lilikwisha kutoka, na wale wateja wawili walikuwa wameshaguna kwa kukubali.

Kutafuta amecha kulimchosha wiki tatu. Wenye maduka ya spea wa Shinyanga walimcheka. Dainamo za aina ile waliziona mara ya mwisho wakiwa watoto. Fundi mmoja wa kusuka mota Kahama aliipokea, akaigeuzageuza, akamrudishia. "Waya ningesuka. Hiki kichwa sina pa kukitoa. Nani aliigonga?" Sufiani akajifanya hakusikia. Mwisho akaelekezwa Katoro, kwa Maganga, muuza chuma chakavu ambaye hununua mashine zilizochoka kutoka machimboni.

Maganga aliitazama amecha mara moja tu. "Hii huku anayo mtu mmoja. Kuna mzee wa Shinyanga anaishi nyuma ya soko, kwa binti yake mwenye duka la vitenge. Alikuja na dainamo nzima, kaitunza kama yai."

Sufiani alisimama pale, bodaboda zikimpigia honi. Alitamani Maganga awe amemtaja mtu mwingine yeyote.

Alimkuta Mzee Abdulwahab barazani, amevaa kofia yake nyeupe, mikono imelala mapajani. Ilikuwa safi. Sufiani hakuwahi kuiona mikono ile bila grisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo sauti ya Sufiani! Raudha, kaka yako amekuja, lete chai!"

Raudha alileta chai na chapati, akamsalimu vizuri, akakaa karibu na baba yake. Sufiani alieleza haja yake kwa kuzungukazunguka: kuna gari la zamani, kuna amecha imekufa. Hakutaja jina la mwenye gari.

"Ni la Ngassa," mzee alisema kwa upole. "Alinipigia simu. Alikasirika sana, na ana haki. Ameniambia nilimharibia, fundi wake wa sasa ameona. Nimemwomba radhi. Sikumbuki kuilazimisha ile puli, lakini kwa macho haya naweza kusema nini?" Akacheka kidogo. "Nikaona yatosha. Nisije nikamharibia na mwingine."

"Vifaa vyake amevigawa vyote," Raudha akasema. "Alikuwa anatengeneza pampu za watu hapa, wanampenda. Siku hizi anakaa tu."

 Sufiani akaweka kikombe chini.

"Mzee, fundi wake wa sasa ni mimi."

Abdulwahab akainua uso.

"Niliigonga mimi. Kwa nyundo, puli ilipogoma. Halafu watu walikuwa wananitazama, nikaona aibu, nikakusingizia wewe."

 Mzee alinyoosha mkono, akapokea amecha, akapitisha vidole kwenye ncha ya mhimili, pale nyundo ilipoacha alama. Alirudia mara mbili. Raudha akainuka, akachukua kikombe cha Sufiani kikiwa bado na chai, akaingia nacho ndani.

"Nilikufundisha kugonga?" mzee aliuliza hatimaye.

"Hapana, mzee."

"Ile yangu ipo chini ya kitanda. Ichukue. Noela hana kosa. Ukiifunga, kabla hujawasha injini, igusishe waya wa betri mara moja, itoe cheche, ndipo itakapochaji upande unaotakiwa. Usisahau hilo." Akamrudishia amecha iliyokufa. "Na Ngassa utamwambia wewe. Mimi simpigii."

Sufiani alitaka kumshika miguu. Mzee akaivuta nyuma, si kwa hasira, akasema wakati wa sala umefika.

Jumatatu, siku tano kabla ya ndoa, alifunga dainamo huko huko Samuye, uani kwa Ngassa, ambako gari lilikuwa limerudishwa, mbele ya wajomba na mashangazi waliokwisha kufika. Akagusisha waya, cheche ikaruka. Injini ikawaka, na taa nyekundu ikafifia, ikazimika. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Wabeja, fundi!" Ngassa akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba Noela, usinishukuru kwanza," Sufiani alisema. Akalieleza lote, pale pale, maana uongo nao aliusema mbele za watu.  Vigelegele vilikoma, na shangazi mmoja aliuliza kwa Kisukuma kama amesikia vizuri.

Ngassa akaachia mkono wake. Hakumtukana, Sufiani angependa amtukane. Alikwenda pembeni ya zizi, akatoa simu.

"Mzee Abdulwahab? Ni mimi Ngassa. Nisikilize, mzee wangu, nisamehe..."

Mama Noela, kwa adabu ya mwenye nyumba, alimletea fundi sahani ya wali na nyama. Sufiani alikaa nayo mapajani, na kila mtu aliyepita alitazama upande mwingine, naye akisikia kila neno la Ngassa akimwomba mzee wa watu msamaha.