Vyanzo Vitatu vya Kuaminika

Watu wa Bunia wakiniita mwongo siku hizi huwa nanyamaza, lakini ieleweke kwamba sikuanza mimi. Ilianza serikali iliponipa majina matatu. Kwetu Kongo kila mtu ana jina, ana postnom, yaani jina la pili, kisha ana prénom, lile la ubatizo, na yote yanaandikwa kwenye kadi. Mimi ni Kambale Musavuli Donatien. Shirika la kwanza, lenye ofisi Goma, liliniajiri kama Kambale. La pili, la Kinshasa, likanichukua kama Musavuli. La tatu liko Kampala, na huko nilikuwa Donatien. Ningekuwa na jina la nne ningetafuta kazi ya nne, nisiwafiche.

Kazi yenyewe ilikuwa moja. Mashirika yalikuwa yamehamisha watu wao kutoka Bunia, maana amani yetu ni ile ya kulala viatu vikiwa karibu na kitanda, na yalitaka mtu wa kuyaambia kila asubuhi barabara ipi inapitika. Basi saa moja na nusu nilimpigia mtu wa Kilo, mtu wa Gety, na baba mdogo wangu Josaphat anayefuga mbuzi Boga. Nikaandika ripoti. Halafu nikaiandika tena kwa maneno mengine, kisha mara ya tatu. Goma waliambiwa hali ni tulivu lakini haitabiriki. Kinshasa waliambiwa haitabiriki, ingawa ni tulivu. Kampala walipenda mambo mafupi, hivyo waliandikiwa "utulivu, tahadhari". Saa tatu nilikuwa nimemaliza kazi zote, nimevaa shati na kaptula, nakunywa chai.

Uzuri ni kwamba wakubwa wangu walikuwa wakibadilishana habari. Kila shirika likipata ripoti yangu liliilinganisha na za wenzake, likakuta zinakubaliana kabisa, likaandika chini kwa herufi nene: imethibitishwa na vyanzo vitatu vya kuaminika. Mkubwa wangu wa Goma, Monsieur Floribert, alinipongeza mara mbili kwa usahihi wangu. Nilizipokea pongezi hizo vizuri tu.

Mikataba yote mitatu ilikataza kufanya kazi kwingine, kwa hiyo nilifunga mdomo. Mtaani kwetu Mudzipela nilijulikana kama yule kijana mwenye diploma asiye na kazi. Kanisani waliniombea. Mama mmoja wa kwaya alinishika kichwa akalia machozi ya kweli, nami nikafumba macho nikingoja amina, huku ripoti ya Kinshasa inachelewa.

Hata Joëlle, mchumba wangu, sikumwambia. Joëlle anauza chakula kwenye kibanda karibu na Soko Kuu, na jambo likiingia sokoni asubuhi, mchana limefika Kilo. Aliamini kama wengine kwamba sina kitu. Kwa miezi minane, kila mchana, aliniletea sahani ya sombe, kisamvu chetu, iliyofunikwa na sahani nyingine, na hakuwahi kunisema hata neno moja. Nilikula. Nilijiambia kwamba mishahara naiweka kwa ajili ya nyumba yetu, na kweli nilikuwa naiweka. Najua mnavyonitazama. Sombe yake ni tamu, niseme nini?

Baba yake, muzee Tharcisse, ni mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Butembo. Alikubali shingo upande kutupokea kwa mahari. Sisi Wanande mahari ni mbuzi, na bahasha ya pesa haiwezi kukaa mahali pa mbuzi. Tulikuwa tumeahirisha mara moja, basi safari hii alinisimamisha nje ya kanisa akanieleza wazi kuhusu Jumamosi.

"Kambale, mbuzi zisipoingia kwangu samedi, musirudie tena. Niko na binti moja tu, siwezi kumuweka kama mutu anangojea gari."

Mbuzi kumi na wawili walikuwa Boga kwa baba mdogo Josaphat. Nilikuwa nimewanunua mimi, ila kila mtu aliambiwa ni zawadi yake. Angekuja nao kwa lori siku ya Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Josaphat hakupokea simu. Nilipiga mara tano. Mtu wa Gety alisema amesikia magari yamesimama karibu na daraja la njia ya Boga, lakini sababu hajui. Ningeweza kungoja. Lakini fundi alikuwa ananisubiri kupima suti ya Jumamosi, na fundi huyo ukichelewa anashona ya mwingine. Nikaandikia Goma kwamba kuna tatizo darajani. Kwa Kinshasa, nisirudie maneno yale yale, nikaandika daraja limeharibika. Kwa Kampala nikaandika "daraja: hapana". Nikaenda kwa fundi.

Saa sita mchana habari ilikuwa imethibitishwa. Saa nane ilikuwa imefika kwa chama cha madereva na kwa askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, na kesho yake asubuhi Josaphat akanipigia anafoka.

"Kambale, tumesimamishwa! Wanasema daraja imeanguka!"

"Imeanguka kweli, baba?"

"Minakuambia niko juu yake! Nasimama juu yake na miguu yangu mbili! Jana gari moja ilipasuka pneu hapa, njo ile tu. Lakini afande anasema bilo tatu za mashirika zimehakikisha daraja haiko. Minamuonyesha daraja na kidole, anakataa!"

"Na jana mbona hukupokea simu?"

"Nilikuwa nakamata mbuzi zako, weye!"

Aliongeza kwamba barrière inafungwa saa kumi, na kwamba mbuzi wameanza kula mzigo wa majani ya muhogo wa mama mmoja ambaye sasa anamtukana yeye. Akilini nilimwona muzee Tharcisse akifunga lango lake, na Joëlle akiwa ndani.

Nikamwandikia Floribert kwamba daraja ni zima. Alinipigia dakika ile ile, kwa sauti ya baba anayemwonea huruma mtoto aliyefeli.

"Kambale, weye ni mutu wa maana sana. Lakini leo uko peke yako. Mutu wa Kinshasa na mutu wa Kampala, wote wawili wanasema daraja haiko. Siwezi kuacha watu wawili nifuate moja."

Nikaandikia Kinshasa. Madame Hortense, mkubwa wangu wa huko, akajibu kwamba Musavuli ni mtu wa kazi nzuri, ila Goma na Kampala wanasema kinyume. Kampala wakajibu: "Wawili wanakupinga." Nilikuwa nimepigiwa kura na kushindwa, na wapiga kura wote walikuwa mimi.

Lakini masahihisho yangu matatu yaliwachanganya, wakaamua kufanya kikao kwa intaneti saa tano. Wakubwa wote wangekuwepo, na Kambale, Musavuli na Donatien wangezungumza moja kwa moja wapatane. Kamera haikunitisha, kwa sababu kwetu hakuna anayewasha kamera. Mega, yaani data ya intaneti, ni ghali na tunajuana kwa sauti tu. Shida ni kwamba nilikuwa na kompyuta moja na simu moja. Nikamwomba Joëlle simu yake. Nikamwambia ni interview ya kazi.

Alikuja nayo mwenyewe, amefunga kibanda katikati ya mauzo, na sahani mkononi.

"Mungu amejibu," akasema. "Minabaki hapa nakuombea. Sitafanya makelele." Akapiga magoti kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, akafumba macho.

Kompyuta niliiweka sebuleni, hiyo ilikuwa Kambale. Simu yangu ikawa Musavuli, chumbani. Simu ya Joëlle ikawa Donatien, jikoni juu ya gunia la makaa. Milango nikaifunga ili mashine zisipigiane kelele.

"Tuanze na tour de table," akasema Floribert. "Kila mutu, jina na fasi iko."

Nilikuwa nimesahau tour de table, ile zamu ya kila mtu kujitambulisha na kusema alipo. Hakuna kikao cha mashirika Kongo kinachoanza bila hiyo, nami nimehudhuria mia, na niliisahau.

"Kambale, Mudzipela," nikasema kwa sauti nzito, nikakimbia chumbani. "Musavuli, Bankoko," nikasema huku nimebana pua, nikijitajia mtaa mwingine. Nikafungua mlango wa jikoni kwa goti. "Donatien, niko Saio," nikasema kwa sauti nyembamba iliyonishtua mwenyewe. Joëlle alifumbua jicho moja.

Tulijadiliana hivyo kwa robo saa. Kambale alisema daraja ni zima, Musavuli akamuunga mkono kwa kukohoa, Donatien akakubali akihema. Mambo yalikuwa yanaelekea kuzuri. Ndipo jogoo wa jirani alipoingia uani kwangu akasimama chini ya dirisha akawika.

"Jogoo ile iko kwa nani?" akauliza Madame Hortense.

"Kwangu," akajibu Kambale.

Jogoo akawika tena, na safari hii nilikuwa jikoni na mlango wazi.

"Donatien, na weye uko na jogoo?"

"Ya jirani, madame."

Akawika mara ya tatu, na akasikika Mudzipela, Bankoko na Saio kwa pamoja. Floribert akasema taratibu, "Nyinyi watatu, tafazali. Museme bonjour wote pamoja. Moja, mbili, tatu."

Nilisimama kati ya milango mitatu, mdomo wazi, sijui nianze kwa mguu gani.

Joëlle akanyanyuka kwenye mkeka. Aliangalia sebuleni, akaangalia chumbani, akachukua simu yake juu ya gunia akasoma jina lililoandikwa pale: Donatien. Hakuniuliza kitu; habari ya baba mdogo kukwama darajani ilikuwa imeshafika sokoni. Ana akili kuliko mashirika yote matatu.

"Bonjour," akasema kwenye simu. "Mimi ni Joëlle. Hapa iko mutu moja tu. Anaitwa Kambale Musavuli Donatien. Baba yake mudogo iko juu ya ile daraja na mbuzi kumi na mbili. Muchukue numéro yake, mumuulize. Mufungue barabara."

Akawatajia namba. Wakampigia Josaphat, kitu ambacho hakuna aliyekifikiria tangu jana, na nasikia aliwajibu kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa kwenye ripoti. Barrière ilifunguliwa saa saba. Mimi nilifukuzwa kwa mpangilio: Goma kwanza, kwa huzuni na maneno mengi, kisha Kinshasa. Kampala waliandika: "Donatien: hapana."

Nikamgeukia Joëlle nikaanza kueleza habari za mikataba, na nyumba, na kwamba nilitaka kumshangaza.

"Ni tangu lini?" akauliza.

"Miezi minane."

"Siku ile nilikupa mayai yangu, nikalala na chai tu, ulikuwa na kazi?"

Nilikuwa nazo tatu. Ningefurahi kama angepiga kelele, lakini alichukua simu yake akaondoka, na sahani akaiacha. Sikuweza kuigusa. Niliona aibu ambayo sikuiona kanisani wala mbele ya mashirika, na niliona hofu pia, kwa sababu sasa mbuzi walikuwa njiani na huenda mtu wa kuwapokea hakuwepo tena.

Jumamosi tulifika kwa muzee Tharcisse na mbuzi kumi na mmoja na nusu, kama alivyosema Josaphat, kwa sababu mmoja alikuwa mgonjwa kwa kula majani ya yule mama. Suti ilikuwa inanibana. Joëlle aliletwa akaketi kati ya shangazi zake, hakunitazama. Muzee alipokea salamu, akakohoa, akauliza swali lililokuwa linaningojea tangu mwaka jana.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?"

Josaphat, msemaji wetu, akasimama akajinyoosha koti. "Muzee, mutoto wetu ni chef, mukubwa wa watu, kwa bilo ya kimataifa, anajulikana mupaka..."

"Baba, ikaa," nikamwambia. Nikasimama mimi. "Muzee, sina kazi. Mupaka jana nilikuwa na tatu, na nilificha kila mutu. Nilimuficha hata Joëlle, nikiwa nakula chakula chake. Leo sina hata moja."

Watu wa upande wao walicheka, kisha wakaona muzee hacheki. Alinipima kutoka juu hadi chini, akamgeukia binti yake, maana kwa desturi neno la mwisho ni la msichana mwenyewe.

"Joëlle, umesikia. Mbuzi tuzipokee ao zirudie Boga?"

Nyuma yangu mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kitu.

"Baba, huyu anasema hana kazi, huyu minamujua," akasema. "Njo huyu nilikuwa nalisha. Njo huyu nilikubali. Yule mwingine, wa kazi tatu, alikuwa anakula sahani ya huyu. Yule simujui, na sitaki anifuate kwa nyumba." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umesikia, Kambale?"

"Nimesikia."

"Muzipokee mbuzi, baba."

Shangazi zake wakapiga vigelegele, na mimi nikalia mbele ya wakwe, na suti yangu mpya, mpaka Josaphat akanipa leso yake.