Paja ni la Mjomba

Desemba ya mwaka tisini na tisa, Mzee Fridolin alijitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe. Mtu aliyewahi kuapa kwamba alimfundisha kiboko wa Chita kusubiri treni ipite, sasa alimwapia Bi Agnetha, mkuu wa ofisi ya vyandarua pale Ifakara, kuwa katika wiki moja makarani wake wawili, Balbina na Ngusa, wataijua XSLT, lugha mpya ya kugeuza takwimu za kompyuta ziwe orodha safi ya kugawia.

"Wakishindwa Jumamosi," alisema Bi Agnetha, "kompyuta inakwenda Morogoro."

 Tangu Mzee astaafu kazi ya reli, kompyuta ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Ijumaa Balbina akabonyeza. Printa ikatema majina, umri na vitanda vya Chita nzima, vimerundikana kama kambale kwenye tenga. Hakuwa ameipa kompyuta kanuni hata moja, nayo isipopewa humwaga kila inachokikuta. Ngusa naye alikuwa ameandika amri kwa kila kaya. Amefika ya sitini na moja, jasho linamchuruzika.

Mzee akamtazama huyo mtoto wa wafugaji. "Ngusa, kwenu ng'ombe akichinjwa, paja huwa la nani?"

"La mjomba."

"Akichinjwa mwingine kesho?"

"Mzee nawe! Hata wachinjwe mia, paja ni la mjomba tu."

"Sasa mbona kila kaya umeipa amri yake, kana kwamba kila ng'ombe ana mjomba wake?"

Balbina alicheka mpaka akashika meza. Ngusa akafuta yote, akaanza upya: ukikuta kaya, anza mstari, ukikuta mkuu wa kaya, andika jina, ukikuta vitanda, andika idadi.

"Na umri?" Balbina aliuliza.

"Huo hauna mwenyewe," Ngusa akajibu. "Upe kanuni tupu, upite kimya."

Jumamosi Bi Agnetha akaja na disketi ya Uchindile: kaya mia tisa wasizowahi kuziona. Ngusa hakuongeza hata nukta. Printa ikalia kwarakwara, mistari ikajipanga kama mpunga uliopandwa kwa kamba. Bi Agnetha akapitisha kidole mpaka wa mwisho.

"Haya. Inabaki hapa."

Balbina akapiga kigelegele hadi wapita njia wakachungulia dirishani. Mzee akavuta pumzi, akakunja nne.

"Mmejitahidi. Ila kiboko wangu alielewa kwa siku mbili."

Jumapili baiskeli ilisimama mlangoni kwa Mzee, paja zima la ng'ombe limefungwa kwenye keria.

"Shikamoo, mjomba," Ngusa akasema.