Jogoo wa Meya Ruppel

Meya Lorenz Ruppel alianza maisha akishona matandiko ya farasi, na hata alipokuwa meya wa Eckerton vidole vyake viliendelea kunuka ngozi. Kwa miaka minne alikuwa ameupa mji taa za umeme, barabara ya matofali, na gari la zimamoto zuri mno, mpaka watu wakawa wanasikitika kwamba hakuna nyumba inayoungua. Mwaka ule wa 1909 alitaka miaka minne mingine, na alijua ataipata. Wazee wa Kijerumani wa mtaa wa kiwanda cha bia hawakuweza kusoma Kiingereza, lakini kwenye karatasi ya kura chama chake kilikuwa na picha ya jogoo. Unaweka msalaba chini ya jogoo, unakwenda zako kunywa bia. Chama cha mpinzani wake, Pettibone muuza dawa, kilikuwa na tai.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano. Bwana mmoja wa reli alilala hotelini, akaamka na macho mekundu, akasema hawezi kuleta stesheni kubwa kwenye mji wenye majogoo wengi namna ile. Meya akaandika sheria siku hiyohiyo: marufuku kuwa na jogoo ndani ya mji, kifungo siku mbili. Madiwani wakapiga makofi. Chama cha jogoo kilikuwa kimempiga marufuku jogoo, na wote wale ni watu wazima wenye ndevu zao.

Meya alikuja kukumbushwa wiki moja kabla ya uchaguzi, jikoni kwa Bibi Stumpf, ambaye mumewe na wanawe wanne zilikuwa kura tano za hakika.

"Jumanne wataweka kwa jogoo, sio, Bibi Stumpf?"

Bibi Stumpf akakimbilia kufunga dirisha. "Sema polepole, Bwana Meya! Unataka wafungwe?"

"Wafungwe na nani?"

"Na wewe! Si uliandika mwenyewe? Jogoo wangu, Kaizari, nilimchinja huku nalia. Leo wanangu wakamshike jogoo mbele ya polisi?"

"Lakini yule ni wa karatasi, mama!"

"Sheria yako imesema wa karatasi ruksa?"

Haikusema.

"Basi. Nimewaambia waweke kwa tai. Tai hajakatazwa."

Meya akapita nyumba kwa nyumba, na kila jiko likamjibu hivyohivyo. Wanawake hawakuwa na kura, ila wao ndio waliowapikia wenye kura.

Jumatatu, Meya akiwa mezani anatafuna mkate bila hamu, jogoo akawika chini ya sakafu. Meya akamtazama mkewe.

"Walburga. Hicho nini?"

"Mabomba," alisema Walburga.

Mabomba yakawika tena. Hajaumeza mkate vizuri, Dolan yuko mlangoni. Dolan alikuwa polisi wa Kiairishi, na Meya mwenyewe ndiye aliyemwajiri, kwa kuwa polisi huyo hakujua kumwonea mtu haya.

"Samahani, Bwana Meya. Jogoo ni wa nani?"

Walburga alifungua mdomo. Meya alikuwa ameishi naye miaka thelathini na moja, akamwahi.

"Wangu."

"Baba Liesel!" alimaka Walburga, akimwita kwa jina la binti yao. "Na kura zako je?"

"Kunywa kahawa yako, itapoa."

Mahabusu ilikuwa chini ya jumba la mji, na kura zilipigwa ghorofa ya juu yake. Dolan akamwingiza Meya, kisha akaingiza jogoo. "Ushahidi," alisema.

Jumanne jogoo aliwika kila aliposikia viatu kwenye ngazi. Bibi Stumpf akainama kwenye kidirisha chenye nondo, mkononi ana supu ya tambi.

"Huyo wako mzima?"

"Mzima. Na ndiye aliyefungwa, mama. Wa karatasi yuko juu, huru kabisa, anawasubiri."

Bibi Stumpf akafikiri. "Yaani kosa ni manyoya?"

"Manyoya tu."

Akainuka akamwita mumewe kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. "Heinrich! Rudi hapa! Usikanyage ngazi mpaka nikwambie!"

Saa sita Pettibone akashuka, uso umemwiva. "Hii ni kampeni kwenye kituo cha kura! Mnyamazishe huyo ndege!"

"Ni ushahidi, bwana," alisema Dolan. "Ukimgusa nakuweka humohumo."

Jioni Dolan alisimama mbele ya nondo, kofia mkononi. "Umeshinda kwa kura tisa. Hongera, Bwana Meya."

"Ahsante. Fungua basi."

"Kesho asubuhi. Siku mbili hazijaisha."

Walburga alikuja na blanketi. Meya alikuwa anagawana tambi za mwisho na jogoo, moja kwake, moja kwa mwenzake.

"Ana jina?" aliuliza.

Walburga akampitishia blanketi kati ya nondo. "Lorenz."

"Jina langu?"

"Miaka minne hushindi nyumbani, Baba Liesel. Nilihitaji mtu wa kugombana naye."